Mashine Moja, Washitiri Wanne

Jirani yangu hapa Mzingani, Tanga, alikuwa na mashine ya boti, farasi 15, aliyoitumia misimu mitatu kabla hajaipa bahari kisogo na kuingia kwenye bodaboda. Akaipiga picha nne, akaiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la wavuvi na wenye boti, akaandika: "Mashine inauzwa kwa mnada. Inaanzia milioni 2. Mwisho leo saa 4 usiku. Mwenye dau la juu anachukua." Maneno hata ishirini hayafiki. Asubuhi yake, Ijumaa, alikuwa na washitiri, yaani wanunuzi, wanne, kila mmoja anasema mashine ni yake, na kila mmoja ana sababu ambayo ukiisikiliza peke yake utamwambia haya, beba.

Kijana wa Sahare ndiye aliyekuwa juu saa 4 ilipogonga: 2,700,000. Jirani alishamwandikia mbele ya kundi zima, "Hongera kaka, njoo kesho." Mwenye boti mmoja wa Pangani alikuwa na dau la 2,750,000, lakini ujumbe wake uliingia dakika tatu baada ya saa, naye anasema aliutuma mapema, mtandao ndio uliomchelewesha. Mama mmoja mfanyabiashara wa Kigamboni, Dar es Salaam, hakupanda dau lolote. Alichukua namba kwenye kundi, akatuma laki 5 kwa simu alfajiri, akaandika: "Hiyo ni arabuni yangu, nyingine nikija." Na mzee wa Kwale, kule Mkinga, alikuwa amempigia jirani yangu simu siku ya Jumatano, kabla ya mnada kuwapo, wakazungumza, wakapatana.

Shauri lililetwa kwangu kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa kundi, na usimamizi wa kundi siku hizi ni ukadhi mdogo usio na mshahara.

Nianze na kitu ambacho watu wa hapa wanakijua bila kufundishwa. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi. Fungu la samaki liko chini, mnadi anaimba bei, wanunuzi wamelizunguka. Anayetaja bei ya juu anaonekana kwa macho, sauti yake imesikika, hela iko mfukoni au anajulikana kwa jina, na tenga lake liko tayari. Bei, ahadi, malipo na kubeba, yote yanatokea mahali pamoja ndani ya muda mfupi. Ndiyo maana ugomvi wa nani mnunuzi hautokei mara nyingi pale. Ugomvi wa pale ni wa barafu na mizani.

Mnada wa mtandaoni unayachukua hayo manne na kuyatawanya. Bei inatajwa Alhamisi usiku, ahadi imetolewa Jumatano kwa simu, malipo yanaingia Ijumaa alfajiri, kubeba ni Jumamosi. Kwa hiyo neno "wa kwanza" linapata wenyewe wanne: aliyetangulia kuahidiwa, aliyeshinda bei, aliyetangulia kulipa, na atakayetangulia kufika na gari. Muuzaji asiposema mapema ni "wa kwanza" yupi anayehesabika, kila mtu atajichagulia yule anayefanana naye. Si kwamba watu hao ni wakorofi. Mama wa Kigamboni alikuwa na yakini kabisa kwamba biashara ni pesa, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Nyundo iko wapi?

Sheria yetu ya Mikataba imerithi mpangilio wake kutoka India, na ile ya Uuzaji wa Bidhaa kutoka Uingereza. Zote mbili ni za enzi za karatasi, lakini kwenye jambo hili zinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tangazo la mnada si ahadi ya kuuza. Ni kuwaita watu waje watoe bei. Kila dau ni ombi la kununua, na dau kubwa likiingia, lile dogo linaanguka. Mauzo hukamilika pale mnadi anapogonga nyundo, au anapoonyesha kwa namna nyingine iliyozoeleka kwamba amekubali. Kabla ya hapo mtoa dau anaweza kulifuta lake akaenda zake. Na mkataba haupotezi nguvu kwa sababu tu umefanyika kwenye simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua.

Sasa kwenye WhatsApp nyundo ni ipi? Kuna majibu mawili. Kama tangazo lilisema wazi kwamba saa ikifika aliye juu ndiye mnunuzi, basi saa yenyewe ndiyo nyundo. Kama halikusema, nyundo ni neno la muuzaji: "Imekwenda", "Hongera", "Njoo uchukue". Jirani yangu alikuwa na vyote viwili. Tangazo lilitaja saa, na hongera ikafuata. Kwa hiyo yule wa Pangani, hata kama mtandao ulimwonea kweli, alileta ombi mnada ukiwa umekwisha. Anaweza kusikitikiwa, hawezi kudai.

Hapo kuna somo dogo la alama. Ujumbe wenye alama ya saa bado uko kwenye simu ya mtumaji. Tiki moja umeondoka, tiki mbili umefika. Mtu anaweza kukuonyesha simu yake ikisema aliandika 21:59, na asiwe mwongo, na bado ujumbe ukawa haujamfikia mtu yeyote. Sheria ya mnada wa kundi iandikwe hivi: kinachohesabika ni dau lililoonekana kwenye simu ya muuzaji. Ikiwa madau mawili yanalingana, la mwanzo kuonekana ndilo linalosimama. Minada mikubwa ya mtandaoni nayo huamua hivyohivyo kwenye bei zinazolingana.

Saa yenyewe ina mitego yake, na hii ni ya kwetu hasa. "Saa 4 usiku" mtu wa Tanga anajua ni 22:00. Ndugu yake aliyekulia ughaibuni anaweza kuisoma 4:00 akaweka kengele ya alfajiri. Aliye Muscat yuko mbele yetu kwa saa nzima. Kisha kuna "usiku wa Ijumaa". Kwa wazee wa pwani, siku inaanza jua likizama, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Kwa kijana aliyezoea kalenda ya simu, ni Ijumaa yenyewe baada ya magharibi. Nimeshaamua ugomvi wa jokofu kwa sababu ya maneno hayo tu. Andika tarehe, andika saa kwa namna zote mbili, saa 4 usiku, 22:00, saa za Afrika Mashariki. Inaonekana kama kumfundisha mtu mzima kuhesabu vidole, lakini andika.

Eneo la dakika za mwisho ni uwanja wa vita popote duniani. eBay, iliyoanza 1995 huko Marekani kwa jina la AuctionWeb, na ambayo kitu chake cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu ya leza ya kuelekezea iliyoharibika, kwa dola 14.83, ililipunguza tatizo hilo kwa njia ya werevu. Mnunuzi anaandika kwa siri bei yake ya juu kabisa, na mashine inampandishia kidogokidogo, kiasi tu cha kumpita anayemfuata. Akiandika 900 na mwenzake akakomea 600, hatalipa 900. Kwenye kundi la WhatsApp hakuna wakala wa aina hiyo, kwa hiyo watu wanavizia. Dawa ninayoipenda ni kuongeza muda: dau lolote likiingia ndani ya dakika 5 za mwisho, mnada unasogea dakika 5 nyingine, mpaka pawe kimya. Mviziaji hana cha kuvizia tena, na huenda wa Pangani angepata nafasi yake.

Mzee wa Kwale

Hapa ndipo mambo yaliponiwia magumu, na wengi kwenye kundi hawakupaona. Walimhesabu mzee kuwa wa mwisho kwa kuwa hakuwemo mnadani. Nikamwambia jirani anionyeshe walichoandikiana. Baada ya ile simu ya Jumatano, mzee alituma: "Milioni 2 na laki 6 tumekubaliana, Jumamosi nakuja kuichukua inshaallah." Jirani akajibu: "Sawa mzee wangu, ni yako."

Nikamuuliza, "Sasa mnada ulikuwa wa nini?"

Akasema, "Nilitaka nione kama kuna mwenye zaidi."

Kitu kinajulikana, bei imetajwa, mmoja kaomba na mwingine kakubali. Huo ni mkataba, uliofungwa siku moja kabla ya mnada. Kwa mali iliyo mahsusi na tayari kukabidhiwa, sheria ya mauzo inasema umiliki unaweza kuhama pale mkataba unapofungwa, hata kama malipo na kubeba vimewekwa siku nyingine, iwapo hayakuwekwa masharti. Wakili anaweza kubishana kama maneno "Jumamosi nakuja" ni sharti au ni miadi tu. Lakini ona ukubwa wake: jirani yangu huenda aliweka mnadani mashine ya mzee wa Kwale. Na kinyume chake pia kinauma, kwa sababu hatari hufuata umiliki. Wezi wangeingia Alhamisi usiku wakaibeba bila uzembe wa jirani, hasara ingeweza kuwa ya mzee ambaye hata hajaigusa.

Lingekuwa jambo tofauti kama mzee angesema, "Nishikie mpaka Jumamosi, nikipata hela nakuja," na jirani akajibu "sawa". Hiyo ni ahadi ya kushikilia isiyolipiwa chochote. Muuzaji aliyeivunja ana aibu ya kujibu, lakini kwa sheria dai la mzee lingekuwa jepesi. "Ni yako" na "nitakushikia" ni maneno mawili tofauti, nasi tunayatumia kama mapacha, hasa tukimwonea mtu haya. Mzee akipiga simu huwezi kumwambia "subiri mnada". Unamwambia "ni yako", ukidhani ni adabu tu.

Waislamu wa hapa waliokuwemo kwenye kundi walileta upande wa dini, na ulisaidia. Mnada wenyewe una asili: imepokewa kwamba Mtume alinadi tandiko na bakuli la mtu mhitaji, akiuliza ni nani atakayezidisha. Na imepokewa pia kwamba mtu asiuze juu ya mauzo ya ndugu yake. Wanazuoni wameyapatanisha hayo kwa kuangalia wakati: maadamu muuzaji hajaelemea kwa mtu yeyote, kupandishiana bei hakuna ubaya, akishakubaliana na mmoja, mlango unafungwa. Ukitazama, ni nyundo ileile.

Laki 5 ya alfajiri

Pesa iliyotumwa bila kuombwa hainunui kitu. Muuzaji hakukubali, kwa hiyo hakuna mkataba wala hakuna arabuni. Kuna pesa ya mtu tu iliyokaa kwenye simu yako. Kosa ni kuitumia. Ukinunua hata petroli ya bodaboda kwa hela ile, umeanza kufanana na mtu aliyekubali.

Kuirudisha nako kuna namna yake. Mchana wa Ijumaa jirani alipigiwa na mtu aliyejiita mume wa yule mama: "Ile hela itume kwenye namba hii, simu ya mke wangu imezima chaji." Mtanzania gani hajapata kuusikia wimbo huo? Pesa inarudi kwenye namba ileile ilikotoka, kiasi kilekile, na kabla ya kurudisha unafungua menyu na kutazama salio lako mwenyewe, maana meseji ya "umepokea" inatengenezwa na yeyote mwenye kidole. Ukirudisha kwa namba nyingine, mwenye hela bado anakudai, na mtandao wa simu unaweza kuombwa urudishe muamala wa kwanza. Utakuwa umelipa mara mbili mashine ambayo ni yako.

Arabuni iliyokubaliwa na pande zote ni jambo jingine, na ni chombo kizuri cha kumtofautisha mnunuzi na mpita njia, ila iandikwe inarudi au hairudi mtu akighairi. Kwenye dini nako kuna tofauti: wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii tulio wengi pwani, hawaikubali arabuni inayoliwa na muuzaji; wa madhehebu ya Hanbali wanairuhusu. Mshitiri wako anaweza kuwa na msimamo wake, muulize kabla hajatuma.

Mshindi anapoyeyuka

Huyu hakutokea kwenye kisa cha mashine, lakini ndiye wa kila wiki. Kashinda, kapongezwa, kisha simu haipokelewi. Muuzaji anakasirika na kumkimbilia wa pili, na siku ya pili mshindi anaibuka na hela mkononi. Wawili tena mlangoni.

Muuzaji ambaye hajalipwa ana haki ya kukizuia kitu mpaka alipwe, na ana haki ya kukiuza upya, lakini kwanza ampe mnunuzi taarifa kwamba atauza, na ampe muda wa kutosha. Basi mwandikie, usimpigie: "Mnada umeshinda 2,700,000. Hujalipa. Ikifika kesho Jumapili saa 12 jioni, 18:00, hujalipa, nauza kwa mwingine." Kisha kaa kimya. eBay humpa mshindi siku 4 kabla ya kumruhusu muuzaji kufuta. Kwa kitu cha kubebwa na Noah ndani ya Tanga, siku moja au mbili zinatosha.

Wa pili naye si mrithi. Dau lake lilianguka lilipopitwa, huwezi kumwambia "sasa ni yako, leta hela" kama vile bado analo deni. Unamwomba upya, na ana haki ya kukataa au kutaja bei nyingine. Kwa bei ipi? Kawaida ni ile ya juu aliyowahi kutaja mwenyewe. Mimi naongeza sharti. Ikiwa mshindi aliyeyeyuka alikuwa hewa, namba mpya isiyojulikana na mtu, tazama alimpandisha huyu wa pili kutoka wapi. Kama kabla ya yule hewa alikuwa ametulia kwenye 2,400,000 bila mpinzani mwingine, na mzuka ndio uliomsukuma hadi 2,650,000, kumdai hiyo ni kumtoza bei iliyotengenezwa na mtu asiyekuwepo. Wauzaji wengi hawanikubalii hapa. Naona wanakosea, kwa sababu mnunuzi huyo atadhani mzuka ulikuwa wako, na mara nyingine atakuwa amedhani kweli: mpambe wa muuzaji anayepandisha dau kwa siri amekatazwa na sheria ya mauzo, na kwenye fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, ana jina lake, najash. Kuna na wapambe wa upande wa pili. Mmoja anataja bei ya kutisha ili wengine wakate tamaa, anaghairi dakika za mwisho, na mwenzake mwenye dau dogo anabaki peke yake. Ndiyo maana kughairi dau saa ya mwisho ni lazima kuwe na kanuni.

Kuhusu leseni, kwa kifupi: kuuza chako mwenyewe hakukufanyi dalali. Anayefanya kunadi vya watu kuwa kazi yake, hilo lina sheria yake na leseni yake, hata kama ukumbi wake ni simu.

Yule wa Pangani alirudi kimyakimya kwa ujumbe wa pembeni: 2,900,000, taslimu, anakuja na gari leo hii. Jirani yangu akanitazama. Nikamweleza kitu ambacho si kizuri sana kumweleza mtu mwenye tamaa. Wa Pangani akiichukua kwa nia njema, bila kujua kuna wengine, huenda mashine ikawa yake kweli, kwa kuwa sheria humlinda mnunuzi wa pili aliyekabidhiwa mali na muuzaji aliyebaki nayo. Ila yeye alikuwemo kundini. Aliiona hongera. Nia njema angeitoa wapi? Na waliobaki, mzee na kijana, wangebaki na madai yao kwa jirani: tofauti kati ya bei waliyokubaliana na bei ya sokoni ya mashine kama ile siku ya kukabidhiwa. Sokoni ikiwa 2,800,000, mzee anadai laki 2, kijana laki 1. Ongeza nauli na usumbufu wa kwenda Mahakama ya Mwanzo. Laki 2 aliyokuwa anazidisha wa Pangani juu ya dau la Sahare imekwisha, na bado tunaishi mji mmoja.

Mikataba miwili, mashine moja. Hapakuwa na njia ya kumwacha kila mtu ameridhika. Palikuwa na kuchagua ni nani atakayekosewa, na kumlipa. Jirani alimpigia kijana wa Sahare mchana uleule kabla hajapanda bajaji, akamweleza ukweli wote pamoja na ile "ni yako" ya Jumatano. Kijana alifoka, na alikuwa na haki. Wakamalizana kwa 80,000 na propela ya akiba. Laki 5 ya mama ilirudi ilikotoka, na picha ya muamala akatumiwa. Aliuliza kama tangi la mafuta linauzwa peke yake.

Jumamosi mzee wa Kwale alikuja na wanawe wawili, akaiwasha mashine ndani ya pipa la maji, akaisikiliza kwa muda mrefu huku ameinamisha kichwa, kisha akataka apunguziwe 50,000.